Bibi wa Makaa na Matanga Yake

Lori lilikuwa limekwisha kuiacha Beni nyuma, likipanda kuelekea Butembo kwa gia ya kwanza, na Kamate Éliakim alikuwa bado hajabadilisha mkao. Mkono wa kulia umeshika mlango wa kabini, wa kushoto uko ndani ya koti, umekumbatia taa ya projekta kama kuku aliyelalia yai. Taa ilitoka Kampala, ikakaa forodhani Kasindi mpaka karatasi zake zikapigwa kila muhuri uliokuwepo, na sasa ilibaki barabara tu. Lakini barabara ya mwaka ule wa 2001, mashimo na vizuizi vyake, ilikuwa adui wa kila kitu cha kioo.

Kati yake na dereva aliketi mgeni, mtu wa safari nyingi na lugha nyingi, aliyepandia Kasindi na mfuko mmoja. Mgeni hakuwahi kuiona Butembo. Aliuliza jina la kila kilima, na vilima vilipokwisha majina akauliza wanaoishi juu yake wanalima nini. Kamate alimpenda kwa hilo. Kwa maoni yake, mtu anayeuliza jina la kilima anaweza kukaa kwenye sinema mpaka mwisho.

Kwenye kizuizi cha mwisho askari kijana aliuona ule uvimbe ndani ya koti. Akauliza kwa Kilingala, "Nini oyo?" Kamate akaitoa taa polepole na kusema ni jicho la sinema. Askari akaishika, akaielekeza kwenye jua, akachungulia ndani kama anayetafuta picha zilizojificha. Akataka kujua kama kuna filamu za vita. Kamate akajibu kwamba anayo moja, ila vita vyenyewe havionekani. Anayeonekana ni mwanamke tu, anamngoja aliyekwenda. Askari akairudisha taa. Filamu ya namna hiyo, alisema, mama yake anaiangalia kila siku kule nyumbani. Akainua mti wa kizuizi.

Walipokwisha kupita, mgeni aliuliza ni filamu gani hiyo, na Kamate, ambaye kwa siku zote za Kasindi alizungumza na watu wa forodha tu, akafunguka kama mfereji.

Alizaliwa Masereka, kwenye viazi na ukungu, akashuka mjini Butembo akiwa kijana kusoma kwa mapadre. Huko alimkuta padre mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi Asia, ambaye badala ya kukusanya sanamu au vikombe alikusanya filamu. Alikuwa na sanduku zima: za Waitalia, za Warusi, za Wahindi, za Wafaransa, nyingine bila sauti kabisa. Kila filamu ilikaa katika bobini, yale magurudumu ya bati yanayozungushiwa mkanda. Padre aliendesha mashine, Kamate alisimama kando ya shuka jeupe na kuwaeleza watu kwa Kiswahili na Kinande nini kinatokea na kwa nini. Padre alipozidi kuzeeka akarudi kwao, akamwachia Kamate mashine na sanduku. Vita vilipofunga njia ya kahawa, mwenye depo moja karibu na soko akabaki na jengo tupu lenye harufu tu ya mzigo wake wa zamani, na Kamate akaliomba kwa Jumapili. Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje jioni, sinema ilionyeshwa mchana, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi.

"Bafaransa," alimwambia mgeni, "banatoka mu nyumba, banarudi, banatoka tena, na pale katikati ndoa imekwisha kuharibika na hapana mutu amelia. Baitalia hapana shida. Banasema na mikono. Hata ukifunga masikio unajua nani iko na deni na nani iko na njaa."

Warusi, alisema, wanapenda uso. Wanakuwekea uso wa mkulima ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, mpaka unaona vumbi la ngano kwenye nyusi, halafu wanakuacha nao. Mara ya kwanza watu walidhani mashine imekwama. Sasa wanajua: uso ule unataka salamu, na kuna wazee wanaousalimia. Wahindi hawana haraka. Mzee anangoja treni, na wewe unangoja naye, na ifikapo unaona kama umeifanyia kazi. Lakini filamu aliyoipenda kuliko zote ni ya Kijapani, isiyo na sauti, ambayo Butembo nzima waliiita Bibi wa Makaa. Wajapani wanaiweka kamera chini, alieleza, kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda jikoni, na kwa hiyo kila anayeingia anaingia kama jirani. Tena wanawake wa kule milimani wanabeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Siku ya kwanza akina mama walipoona hivyo walipiga vigelegele. Mmoja akasema hao ni watu wa Masereka, wamepotea njia tu.

Akaisimulia yote, kama alivyozoea kuisimulia. Inaanza na kifo. Mwanamume mwenye ndevu anaumwa, mkewe, muuza makaa, amejifunga kitambaa kichwani na kumuuguza, mume anakufa, wanamzika, mjane anavuka daraja peke yake. Ndugu mdogo wa marehemu anakwenda vitani. Mjane ananyoa nywele, kama inavyopasa, na kuzitundika kwenye nyumba ya maombi. Ndugu anarudi akichechemea. Nywele zinaota. Na mwisho, kwenye daraja jembamba la mbao, wanakutana uso kwa uso, yeye na mzigo wake wa makaa. Shemeji hamwambii nisogelee, wewe ni urithi wangu. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, daraja zima, ili mwanamke apite. Halafu harusi.

"Banamama balikuwa banabaambia babwana zao: muone shemeji mwenye kuomba njia."

Mgeni alikuwa ameuliza kuhusu kila kilima tangu Kasindi, na sasa alitazama mbele kimya. Kamate aliuona ukimya ule, akadhani ni uchovu.

Butembo ilitokea juu ya vilima vyake: mikaratusi, nyumba za tofali, mabati yanayometameta, na mitaa iliyojaa watu kana kwamba vita ni habari za mji mwingine. Mgeni alijinyoosha kumpita Kamate, akatoa kichwa dirishani. Lori liliposimama, Kamate alimwona mkewe Élise amekuja kumpokea, jambo asilolifanya kwa kawaida. Élise ndiye aliyeendesha mashine tangu padre aondoke, mwanamke wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote kwa mara moja.

"Ananie amekamata megafoni. Anapita mu soko anasema weye ni mubongo, miaka yote unadanganya batu. Iko na kaseti ya Bibi wa Makaa, yenye maandiko ya Kifaransa. Anasema bwana anakufa ku mwisho."

"Anakufa ku mwisho aje?" Kamate akacheka. "Sasa harusi ni ya nani?"

"Dimanche, siku ya Mungu, ataionyesha kwake, kiisha misa. Batu yote banajua."

Ananie alikuwa na nyumba ya video upande wa pili wa soko, televisheni moja, mabenchi, na karate kutoka asubuhi hadi saa ya amri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na viti vinavyobaki wazi kila Jumapili mchana, na alijua waliovikalia wamekwenda wapi.

Kamate alimgeukia mgeni. Alikuwa amekumbuka ule ukimya.

"Weye uliiona ile filme."

"Niliiona," alisema mgeni. "Mara mbili, katika miji miwili."

"Na mwisho?"

"Mwisho ni mazishi. Wale wanaume si ndugu, mzee wangu. Ni mtu mmoja."

Wakampeleka mgeni nyumbani, wakampa ugali na sombe ya majani ya muhogo, na kitanda cha chumba cha mbele. Asubuhi Kamate alizitoa bobini tatu za Bibi wa Makaa, akakaa dirishani, akauvuta mkanda kwa mikono, picha baada ya picha, dhidi ya mwanga.

Padre hakuwahi kuionyesha hiyo. Aliiacha katika makopo ambayo panya walikwisha kula karatasi zake, na maneno yaliyokuwa ndani ya mkanda yalikuwa ya Kijapani, alama ambazo hakuna mtu kati ya Kasindi na Kanyabayonga aliyeweza kuzisoma. Kamate alizipanga bobini kwa akili yake. Aliona mwanamke ananyoa kichwa, na kwao Wanande wa zamani kichwa cha mwanamke hakinyolewi bure: kuna mtu amekufa. Basi mazishi lazima yatangulie. Aliona mwanamume mwingine baada ya mazishi, anayefanana na marehemu; nani anayekuja kwa mjane akifanana na mumewe, kama si ndugu yake? Kila kitu kilikuwa na jibu. Ndevu zimepotea? Zimenyolewa matanga yalipovunjwa. Mguu hauchechemei tena? Umepona. Mbao za daraja ni nyeupe na mpya kwenye harusi, nyeusi na zilizooza kwenye mazishi? Watu wa kijiji wametengeneza daraja kwa ajili ya bibi harusi, ndivyo alivyowaambia, na watu wakawasifu Wajapani. Na ile alama moja kubwa inayojaza shuka zima mara baada ya kaburi na daraja, Kamate aliwaeleza kwa miaka kwamba ni jina la marehemu.

"Ni neno la mwisho," mgeni alisema polepole. "Wanaliweka kila filamu inapokwisha."

Élise, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alisema miaka yote ile walikuwa wanamwombea marehemu huyo kwa jina. Kamate naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kukosea hakukumwuma. Aliogopa Jumapili zitakazofuata. Msimuliaji wa sinema hana kitu kingine ila kuaminiwa: anasema huyu analia kwa sababu hii, na watu elfu moja wanalia naye. Siku watakaposikia "analia" wakatazamana kwanza, kazi imekwisha. Atabaki na mashine, na shuka, na ukuta. Na kama kazi imekwisha, basi Warusi hawasalimiwi tena, na mzee wa Kihindi atangoja treni peke yake.

Élise alitoa shauri la mtu mwenye akili. Waseme kuna filamu mbili, moja ya Ananie, moja yao, kama vile kuna injili nne. Kamate alilifikiria kwa heshima. Kisha akavaa koti, akavuka soko.

Ananie alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya video, megafoni juu ya goti. Alimpokea kwa adabu zote, akamwita Ya Kamate, kama kaka yake mkubwa, akamwuliza habari za Kasindi, akamwuliza kama macho bado yanaona vizuri au yanaona mambo kinyume. Watu waliokuwa wakingoja karate wakakaribia kusikiliza.

Kamate akamwambia aje Jumapili na watu wake wote kwenye depo, akae mbele kabisa. Kioo cha televisheni yake ni kidogo kama dirisha la choo. Si haki Bibi wa Makaa afe mahali pa namna hiyo. Yeye ataionyesha kwenye shuka, kama ilivyo kwenye kaseti, bobini kwa bobini, kifo mwisho.

Ananie akaiondoa megafoni gotini. "Ya Kamate, unajichimbia kaburi?"

"Si unasema ndiyo mwisho ya filme?"

Waliosikiliza wakaangua kicheko, na Ananie hakuwa na njia ila kukubali. Lakini megafoni alisema atakuja nayo.

Jumapili Wakatoliki walitoka misa na Waprotestanti wakatoka ibada, na njia zote mbili zikaishia kwenye depo. Haikuwahi kujaa vile. Waliokuja kumwona Bibi wa Makaa walikuja, na waliokuja kumwona mtu akianguka walikuwa wengi zaidi. Mgeni alibanwa ukutani karibu na mashine. Ananie alikaa benchi la kwanza, na kando yake, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa mahali pake kila Jumapili, alikaa Mama Kyakimwa, ambaye mumewe aliuawa kwenye njia ya Kanyabayonga na mwili wake haukurudi.

Élise aliwasha. Taa mpya ilitupa mwanga mweupe kuliko wowote waliouzoea, na badala ya kitanda cha mgonjwa likaonekana daraja, mbao nyeupe, na msichana mwenye nywele hadi kiunoni akija na makaa.

Minong'ono ikaenea. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: sasa huyu anaoa mjane wa nani, mbona hatujazika? Kamate akajibu kwamba hakuna mjane, hakuna ndugu. Kuna mtu mmoja na mke mmoja, na huu ndio mwanzo wao. Sauti ile ile ikauliza, basi kwa miaka yote ndugu mdogo alitoka wapi?

"Alitoka kwetu," alisema Kamate. "Niliona mwanamuke ananyoa kichwa. Mi ni Munande. Ungekuwa weye ungesema nini?"

Kicheko kikapita depo nzima, na hakikuwa cha dharau. Ananie aliinua megafoni, akaona hakuna anayemgeukia, akaishusha.

Yule mwanamume alirudi nyuma kwenye daraja, hatua kwa hatua, na mwanamke akapita, na harusi ikawa. Bobini ya pili. Mume akaitwa vitani. Mke akaingia nyumba ya maombi, akashika kisu, akaanza kukata nywele. Hapa ndipo wote walipomngoja Kamate, kwani hapa ndipo ilipokuwa nguzo ya simulizi lake lote la zamani. Kama hakuna aliyekufa, anakata kwa nini? Mgeni alikuwa amemwambia kwamba ni nadhiri, na neno hilo lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Kamate aliutazama ule uso, mkubwa sasa na mweupe kwa mwanga mpya, na nadhiri aliiona ndogo.

"Hapana mutu amekufa," alisema, na sauti yake ikashuka. "Ananyoa mbele ya kifo. Kifo kikikuya kutafuta bwana yake, kitaona bibi amekwisha kunyoa, matanga imekwisha, kitasema: hapa nilikwisha kupita. Kitaenda fasi ingine."

Katika giza lile la mablanketi kulikuwa na wanawake ambao waume zao na wana wao walikuwa porini, upande huu au upande ule, na kila mmoja alijishika kichwa bila kujua. Na ujanja ule ulifaulu: mume akarudi, anachechemea, ndevu zimeota, lakini amerudi. Depo ikapiga makofi kwa kelele kuliko walivyowahi kuipigia harusi.

Halafu bobini ya tatu, na wote waliijua. Walikuwa wameiona mwanzoni mara nyingi, na kifo cha mwanzoni ni cha mtu usiyemjua. Sasa walimjua. Walimwona akirudi nyuma darajani, walimpigia makofi akirudi kutoka vitani, na alikufa kwa homa tu, kitandani kwake, kama watu wanavyokufa hata vita vikipita mbali. Wakamzika. Mwanamke akavuka daraja bovu peke yake. Alama kubwa ikajaza shuka.

"Banasema: imekwisha," alisema Kamate.

Mkanda ukaisha, shuka likabaki jeupe. Hakuna aliyesimama. Kamate aliwahi kuona watu wakilia kwenye sinema, lakini hao hawakulia. Walikaa tu, mikono magotini, kama watu walioketi msibani wasiojua nani atatangulia kuondoka. Akajua kwamba amesema kweli yote na kwamba kweli hiyo imewaweka mahali ambapo hawezi kuwatoa.

Ananie akasimama na megafoni yake. "Mumeona?" alisema. Katika ukimya ule ilisikika kama mbuzi kanisani.

"Keti, mutoto ya Mbusa," alisema Mama Kyakimwa.

Akaketi. Mama Kyakimwa akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akamgeukia Kamate mbele ya watu wote.

"Ile bibi amezika. Nani atamuvunjia matanga?"

"Mama, filme imekwisha."

"Ya Bajapani imekwisha. Batu ya hapa bado banaketi. Matanga hapana kubakia wazi, Kamate. Mutu anazikwa, batu banalala inje, banakunywa chai, na siku moja banamuambia mufiwa: simama, oga, rudi mu shamba. Miye hapana mutu aliniambia, sababu maiti haikufika. Usiniache tena hivi. Rudisha bobini ya daraja."

Kamate akamtazama Élise. Élise alikuwa tayari anaizungusha bobini ya kwanza kwa mkono, kuirudisha mwanzoni, na jambo hilo huchukua muda. Katika muda huo hakuna hata mtu mmoja aliyetoka. Wanawake walianza kuvuma kwa midomo iliyofungwa, wimbo usio wa misa wala wa ibada, ule wa asubuhi ya kuvunja matanga, na Wakatoliki na Waprotestanti waliujua sawasawa.

Daraja likarudi. Mbao mpya. Msichana na makaa yake, nywele ndefu, na upande wa pili kijana anakuja. Kamate alikuwa amelisimulia jambo hili pengine mara nyingi kuliko sala yoyote, mwanzo akiliita mwisho, leo akiliita mwanzo, na aliposimama kando ya shuka hakujua ataliitaje sasa. Kisha kijana akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, macho kwa yule mwanamke, na Kamate akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kamwe.

"Muangalie," alisema. "Anamuachia njia. Tangu siku ya kwanza. Na siku ya mwisho alifanya tu vile: alirudi nyuma, bibi apate kupita. Pita, mama. Njia ni yako."

Mwanamke akapita, amebeba mzigo wake, akatabasamu bila kugeuka. Mama Kyakimwa alikuwa bado amesimama. Alipiga kigelegele kimoja, kirefu, na depo nzima ikampokea. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Wengine wakakimbilia shuka na kuligusa. Mwingine alimbeba Kamate mabegani, akamgonga kichwa kwenye boriti, akamshusha kwa heshima. Askari wa zamu aliyekuja mlangoni kuuliza ghasia ni za nini aliambiwa ni matanga yamevunjwa, akavua kofia.

Ananie alibaki benchi la mbele mpaka watu walipopungua. Akasema waziwazi kwamba Ya Kamate amemharibia kaseti. Alikuwa amekuja na filamu nzima, sasa ana filamu isiyo na mwisho. Na ndivyo ilivyotokea: walioingia kwake siku iliyofuata kuiona tena walipofika kwenye kaburi walikataa kuondoka mpaka airudishe kaseti nyuma, na kuirudisha kuliula umeme wa karate. Siku chache baadaye megafoni ilipita tena sokoni, safari hii ikiwaita watu depo, Jumapili, kwa Bibi wa Makaa mwenye daraja mara mbili, ambaye haonyeshwi hivyo Japani wala Ulaya. Mgeni alithibitisha kwa yeyote aliyeuliza kwamba hilo la mwisho ni kweli tupu.

Habari ikapanda na malori. Haikupita muda mrefu, watu wa Beni wakatuma ujumbe, parokia na kanisa la Kiprotestanti kwa pamoja, jambo ambalo peke yake lilizungumzwa wiki nzima. Walikuwa na jumba, walikuwa na jenereta na projekta, walikuwa na wafiwa wengi mno waliokimbia vijiji vyao bila kumaliza kuzika. Walimtaka Kamate na bobini zake tatu. Walieleza vizuri: wanataka ile ya Butembo.

Lori lilisimama mbele ya depo, limepakia maharage na mbao. Kamate alipanda juu, makopo matatu yamefungwa kifuani kwa kitenge cha mkewe, kama mtoto. Mgeni alitarajiwa kuondoka kwa lori hilohilo, mfuko ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Lakini Jumapili Élise angewaeleza watu filamu ya Kiitalia, mara ya kwanza kusimama mbele ya shuka badala ya nyuma ya mashine, na mgeni alisema kuna miji ambayo mtu akiiacha Ijumaa ataijutia. Mfuko ukarudishwa ndani.

"Usiseme upesi kama ule Muitalia anamupenda," Kamate alimwambia Élise kutoka juu. "Uache mikono yake iseme kwanza."

"Miaka yote nilikuwa nyuma yako nakusikia unaharakisha pale pale," alisema Élise. "Enda. Beni banangoja."

Dereva akacheka, akaingiza gia. Lori lilipoanza kushuka, Kamate aligeuka kupunga mkono. Élise na mgeni walikuwa wamekwisha kushika benchi refu, kila mmoja upande wake, wanalipitisha mlango wa depo kwa ubavu, wakibishana ni nani atangulie. Hawakumwona. Akaushusha mkono, akakaa vizuri juu ya magunia, akatazama mbele.